Safu ya Ganzi

Kitu kizito cha chuma kiligonga sakafu ya saruji nyuma ya pazia, kikaruka, kikagonga tena. Mteja niliyekuwa namfungia suruali yake akauliza kama kuna kilichovunjika. Nikamwambia hakuna, ni vyombo tu. Lakini nilijua ni mkasi wa Baba, na nilijua pia kwamba tangu nizaliwe sijawahi kuusikia ukianguka.

Nilipofungua pazia nilimkuta amesimama mbele ya meza ya kukatia. Kitambaa cha kijivu kilikuwa kimetandazwa, mistari ya chaki ikimngoja. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi.

“Umeteleza,” alisema.

Niliuokota nikampa. Akaushika, akakata kidogo, ukaanguka tena.

Ilikuwa siku ya tisa tangu aanze dawa.

Mtaani wanamwita Sentimita, kwa sababu anaweza kumtazama mtu akipita barabarani akataja kiuno chake, na akapatia. Alikuwa na saratani ya ini. Dawa za kawaida zilishindwa moja baada ya nyingine, hadi daktari akamweleza kuhusu jaribio la dawa mpya ambayo ilikuwa haijawahi kuingia mwilini mwa mtu, isipokuwa wachache waliomtangulia. Daktari hakumficha. Alisema jaribio la mwanzo kama hili halitafuti kwanza kama dawa inaponya; linatafuta mwili wa binadamu unaweza kuvumilia kiasi gani. Ndiyo maana linapanda kwa ngazi. Watu watatu hupewa dozi ndogo, huangaliwa kwa wiki nne, na wakiwa salama watatu wengine hupewa kubwa zaidi. Wakidhurika, kupanda kunasimama. Baba aliingia ngazi ya tatu, nafasi ya mwisho iliyobaki.

Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa kumi na nne. Nilimsomea hadi ukurasa wa sita, akanikatiza akauliza kama tumekuja kusaini au kusomea udaktari. Sista wa utafiti, muuguzi mwembamba asiyejua kucheka kazini, alitusihi tuimalize nyumbani. Baba alisaini papo hapo; nakala yetu tuliiweka kwenye droo ya vifungo, na huko ikalala.

Pamoja na fomu alipewa daftari. Kila siku mstari mmoja, kila dalili na safu yake: homa, kutapika, kuharisha, ganzi, pumzi. Sifuri maana yake hakuna, tatu maana yake hali ni mbaya. Sista aliweka kidole kwenye safu ya ganzi akasema hiyo tusiichezee. Vidole vikianza kufa ganzi apigiwe simu siku hiyohiyo, hata kama ni kidogo, kwa sababu kwa dawa hii moyo hufuata nyuma ya vidole.

Jioni ya siku ile ya mkasi niliketi na daftari. Nilishika kalamu mimi, kwa kuwa yeye ilikuwa inamponyoka.

“Ganzi?” nilimuuliza, ingawa nilijua.

“Andika sifuri.”

“Baba, mkasi umeanguka mara mbili.”

“Mkasi wangu, mkono wangu. Andika.”

Alikuwa na sababu zake. Mama mmoja mwenye duka la vitabu, aliyeanza ngazi moja naye, alionekana wiki ile akimnong'oneza Sista jambo. Siku mbili baadaye tulimwona akitoka chumba cha daktari, mkoba ameukumbatia kifuani, ametolewa kwenye jaribio. Hakutuaga. Baba akajumlisha mwenyewe: anayelalamika anafukuzwa.

Nikaandika sifuri. Hakuna namba nyepesi kuandika kama hiyo. Mkono unazunguka mara moja, basi. Mkono wangu ulitoa ushahidi kwamba mkono wake hauna neno, na haukutetemeka. Kuanzia siku ya tisa hadi ya ishirini na nane niliandika sifuri ishirini katika safu ile.

Mwisho wa wiki ya nne picha ilionyesha uvimbe umepungua kutoka sentimita sita hadi nne na nusu. Baba alitoka pale akitembea kama bwana harusi. Njiani akanitambia jinsi alivyoushinda mtihani wa pini: daktari alimwambia afumbe macho, akawa anamgusagusa ncha za vidole ili aseme anapoguswa; naye akaacha kope wazi kiasi cha uzi, akafuata kivuli cha kiwiko cha daktari. “Nimeishi na sindano miaka arobaini,” alisema, “nishindwe na kipini chake?” Tulicheka. Naona haya kuandika hivyo, lakini tulicheka.

Aliyetukata kicheko hicho ni Honi.

Honi alikuwa dereva wa malori, mtu wa kifua na sauti, akikusalimu unajikuta umesogea pembeni. Walijuana na Baba kwenye benchi la hospitali. Ugonjwa wao mmoja, na walipimwa kwa ajili ya jaribio wiki ileile. Baba aliitwa kwanza, Honi akaambiwa asubiri ngazi inayofuata. Tangu siku hiyo alimwita Baba mwizi wa viti, na kila walipokutana alimwamuru ale ashibe. “Mimi napita juu ya mgongo wako, Sentimita,” alikuwa akisema. “Ukianguka wewe, nitapita wapi?”

Jumatatu alikuja dukani kujaribu koti. Lilikuwa koti la rangi ya maziwa, alilolitaka ili wanaomdhania mgonjwa wapate la kusema. Alisimama mbele ya kioo mikono ameitanua, na Baba akawa anambana mabega kwa pini. Niliona tone jekundu begani. Kisha la pili. Pini moja ilikuwa imemwingia Baba chini ya ukucha wa kidole gumba na kusimama humo, na yeye anaendelea kubana nyingine, uso shwari.

Honi aliliona doa kwenye kioo. “Unanishonea au unanichinja?”

Baba akautazama mkono wake, akaichomoa pini, akacheka. Honi akacheka kuliko yeye. Kisha akatoa habari aliyokuja nayo. Kamati ya jaribio ilikuwa imekaa Ijumaa, ikasoma madaftari ya ngazi ya tatu, ikaona njia nyeupe. Alhamisi saa tatu asubuhi yeye anaanza ngazi ya nne, dozi mara mbili ya ile ya Baba.

“Mmenisafishia barabara,” alisema. “Kama wewe na mbavu zako hizo umepigwa dawa mwezi mzima na bado unashika sindano, hiyo mara mbili kwangu ni chai tu.”

Baba alikuwa anafuta lile doa, na kila alipofuta lilizidi kutanda.

Honi alipoondoka nilisema nililopaswa kusema siku ya tisa. Nilisema kwa ukali, na ukali ule siuombei radhi. Nilimwambia kamati haikumwona yeye wala vidole vyake, imesoma sifuri zangu, na ngazi anayopandishwa Honi imesimama juu ya sifuri hizo. Baba alisema Honi ni mtu mzima, ana mwili wake. Akasema sentimita moja na nusu. Aliirudia mara tatu, sentimita moja na nusu, kama mtu anayeonyesha hati ya nyumba. Halafu sauti ikashuka.

“Wakinitoa, nakufa. Kama unataka niwaambie, basi jua unachokitaka.”

Nililikunja koti la Honi, doa likiwa ndani.

Jumanne alikwenda kwenye dripu yake ya tano. Sista akamuuliza kuhusu vidole, kalamu mkononi. Baba akasema salama. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, nikatazama viatu vyangu.

Jumatano alikuwa anapiga pasi shati la mteja. Harufu ya kuungua ilinifikia mimi, mbele ya duka, kabla haijamfikia yeye aliyeshika pasi. Nilipofika niliona kinachoungua si shati.

Mlangoni petu pana vipandio vitatu. Sikuwahi kuvihesabu hadi Alhamisi asubuhi, Baba alipovipanda akasimama kwenye cha pili. Alishika fremu ya mlango, mdomo wazi, mkono uliofungwa bendeji ukiwa kifuani, kama anayemsikiliza mtu anayegonga kutoka ndani. Alikaa hivyo dakika nzima. Nilimletea kiti, akakikataa kwa kichwa.

“Honi anaanza saa ngapi?”

“Saa tatu.”

Ilikuwa saa tatu kasorobo. Baba alikitazama kipandio kilichobaki, akageuka, akaanza kushuka.

“Chukua daftari,” alisema.

Tulichelewa. Foleni ilitushika njiani, na katika ukumbi wa hospitali alilazimika kusimama mara mbili, anashika ukuta, anaendelea. Kabla hatujaufungua mlango wa chumba cha dawa nilisikia mashine ya dripu ikihesabu matone: tiki, tiki, tiki. Chumba kilikuwa na viti vitatu vya kuegemea. Honi alikuwa kwenye kile cha dirishani, shuka miguuni, mrija mkononi. Dawa ilikuwa imeshaingia kama robo ya mfuko. Akafungua mdomo amtanie Baba, lakini Baba alimpita akamwendea Sista.

“Zima hiyo,” alisema. “Daftari langu ni la uongo.”

Sista hakuuliza kwanza. Alibonyeza kitufe, akafunga mrija, na ule mlio ukakatika. Ndipo akageuka. Baba akamweleza yote, mkasi, pini, pasi, vipandio. Nikaongeza kwamba mwandiko ni wangu. Sista alinitazama mimi kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama yeye, kisha akachukua simu akamwita daktari.

Alimlaza Baba kwenye kiti cha katikati, akamfungua shati, akambandika waya kifuani. Mstari wa kijani ukatokea kwenye kioo cha mashine. Mimi si daktari, lakini mwendo uliovunjika naujua nikiuona: ulikwenda, ukajikwaa, ukasimama kidogo kama umesahau njia, ukaenda tena.

Akiwa anabandika waya ya mwisho Sista aliuliza nani alituambia mwenye ganzi anafukuzwa. Baba akamtaja yule mama wa duka la vitabu. Sista akasema mambo ya mgonjwa mwingine hawezi kuyaongelea. Ila ukurasa wa tisa wa fomu, alisema, umeeleza wazi: mwenye ganzi hupunguziwa dozi, au hupumzishwa, kisha huendelea kama mwili unakubali. Wanaolazimika kuacha ni wachache, ikigundulika mapema. Alipotamka mapema alikuwa anautazama ule mstari wa kijani.

Ukurasa wa tisa. Sisi tulikomea wa sita.

Honi alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema amesubiri miezi miwili akimwombea Baba uzima ili yeye apate kuanza, na leo ameanza, mwizi wa viti amekuja kumnyang'anya tena. Alisema na mengine ambayo siyaandiki, kwa sababu alikuwa na haki nayo yote. Baba aliyapokea macho yakiwa darini.

Kisha Honi akaacha. Nilimwona anafumba ngumi ya kulia na kuifumbua, anafumba, anafumbua.

“Kwako ilianzaje?” aliuliza.

“Ncha za vidole,” Baba alisema. “Kama umevaa glovu nyembamba.”

“Mikono yote?”

“Wa kulia kwanza.”

Honi akauingiza mkono wa kulia chini ya shuka. Nilijua kile kitendo. Nilikuwa nimeishi nacho mwezi mzima nyumbani. Sista alikuwa ameinama kwenye mashine ya Baba, hakuona, na kwa muda ule chumba kizima kilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Honi alimtazama Baba, akautazama mstari wa kijani ukijikwaa. Taratibu akautoa mkono, akauweka juu ya shuka, kiganja wazi.

“Sista,” alisema, “njoo uandike.”

Sista akaja. Baba alijaribu kuinuka, waya zikamvuta nyuma, akabaki ameegemea kiwiko akihema.

“Mimi niko mbele yako kwa mwezi mzima,” alimwambia Honi. “Chochote kitakachonipata, utakisikia kwangu kabla hakijakufikia. Sitaficha tena hata kimoja.”

Honi alikubali kwa kichwa. Lakini macho yake yalipita juu ya Baba, yakapumzika kidogo kwenye ule mstari, yakanifikia mimi niliyesimama na daftari kifuani.

“Na siku akishindwa kusema?” aliuliza, na hakuwa anamuuliza Baba.

“Nitakuja mwenyewe,” nilimwambia. “Siku hiyohiyo. Nitakuambia kilichompata kama kilivyo.”