Raba za Breki kwenye Kopo la Vifungo

Mjukuu wangu alikuwa na tabia moja. Akifika kona ya duka la mkaa anapiga kengele ya baiskeli mara tatu, na mimi huku ndani naacha cherehani, nabandika birika. Akiegemeza baiskeli ukutani, maji yameshaanza kuimba. "Bibi, nimefika!" anapaza sauti, utadhani mtaa mzima haujamsikia. Tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata usingizini alikuwa anajibizana na watu.

Baiskeli ilikuwa ya marehemu babu yake, nyeusi, yenye keria pana, na kiti nilikishona upya mwenyewe kwa kitambaa cha mwamvuli. Mimi nashona sare za shule, yeye alizifunga kwenye keria na kuwapelekea wenyewe. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi mji mwingine. Aliniachia huyu mtoto wa kike bado anatambaa.

Nilichoanza kukiona ni kiatu cha Chiriku. Soli ya kulia imelika mbele mpaka imekuwa kama karatasi, ya kushoto nzima. Nikakibeba motomoto hadi kwa fundi viatu.

"Fundi, umeniwekea soli ya boksi?"

Fundi akakigeuza, akakinusa, akacheka kidogo. "Mama, hiki hakikulika kwa kutembea. Kimesuguliwa kwenye lami. Muulize mwenyewe anasimamisha nini na mguu."

Siku hiyo sikumuuliza, kazi zilinizonga. Kesho yake natafuta kifungo cheusi cha kaptula kwenye kopo langu, mkono ukatoka na raba za breki. Mimi ni mjane wa mtu aliyeipenda baiskeli ile pengine kunishinda mimi. Raba za breki nazijua hata nikifumba macho.

"Chiriku, hebu njoo. Hivi ni vifungo vya shati la nani?"

Akajiziba mdomo, anacheka. "Jamani Bibi! Tunazitoa Jumamosi tu. Ukishuka mteremko na breki wanakuita kizee."

"Mimi ni kizee, na miguu yangu yote ninayo."

"Hujui raha yake." Akakaa sakafuni, akalaza kichwa kwenye goti langu, utani ukamwisha. "Ukifika pale katikati, upepo unaziba masikio. Huwazi sare, huwazi kama Mama atapiga simu leo au hatapiga. Uko peke yako tu. Halafu unashusha mguu, kiatu kinanuka moshi, unasimama. Unacheka mpaka machozi."

Nilimpapasa nywele. Niliona anachokifuata kule, na nikawaza nina nini mimi cha kumpa badala yake.

"Na siku usiposimama?"

"Nitasimama. Kwani mimi Mapengo?"

Mapengo ni kijana wa duka la mikate, rafiki yake. Meno ya mbele aliyaacha kwenye mteremko huohuo, na bado alikuwa anarudi.

Nilizifunga raba mwenyewe kwa spana ya babu yake, nikakaza nati mpaka vidole vikauma. Chiriku akaniahidi. Sidhani alinidanganya. Nadhani wakati anaahidi aliamini kabisa.

Jumamosi nikafungua kopo. Raba zilikuwa juu ya vifungo, hata hakujisumbua kuzificha. Nikatoka na utepe wa kupimia shingoni, mlango sikufunga. Kwenye kona ya mkaa nikakutana na Mapengo anakuja mbio, ananionyesha mteremkoni kwa mkono.

Chini, mteremko unapokutana na barabara, mkokoteni wa maji ulikuwa unavuka. Mwenye mkokoteni alikuwa amekaa ukingoni, kashika kichwa. "Sikumwona, mama. Sikumwona." Madumu yamepasuka, maji kila mahali, na Chiriku wangu amelala katikati ya maji yale, mguu umeelekea upande ambao mguu hauendi. Aliponiona akasema, "Bibi, kiatu kilichomoka."

Alipona, ila goti halikunjiki tena. Binti yangu alikuja, akamuuguza, akaondoka naye. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mlangoni alisema tu, "Mama, baiskeli hiyo ikiwa bado humu ndani, simrudishi."

Zamani nilikuwa namwambia mtoto yule anyamaze nisikie ninachoshona. Sasa nikawa nasikia kila mshono. Kengele ya mtu yeyote ikilia kona ya mkaa nilishtukia nimeshasimama, mkono kwenye birika, halafu nakumbuka, narudi kukaa. Kwenye simu Chiriku alinipimia maneno kama dawa.

"Unakula?"

"Nakula."

"Mguu je?"

"Upo."

Siku moja akasema mwenyewe, "Bibi, nauota mteremko. Nikiamka nalia, kwa sababu nimeamka."

Nikaikandamiza simu sikioni. "Na mimi huniotagi?"

"Nakuota. Unakaza nati."

Akacheka. Kicheko kifupi, lakini kilikuwa chake, na kiliniamulia.

Nikamwita Mapengo, nikampa baiskeli asambazie mikate. Raba zilikuwa mahali pake. Nilimzungusha uani, shika breki, achia, shika, mpaka akaomba radhi. Kengele niliifungua, nikaitia kwenye kopo. Hiyo sikuweza kuigawa.

"Sasa Bibi, watu watanisikiaje?"

"Piga mluzi."

"Kwa meno haya?"

Chiriku alirudi kwa mguu kutoka kwenye kona, na gongo lake, mama yake nyuma kabeba begi. Sikuwa nimebandika birika, kwa kuwa hakuna kilicholia. Nilimkumbatia nikamkuta amepungua. Mama yake akarudi kazini, tukabaki wawili. Nilimpa kazi ya vifungo. Alishona vizuri sana, na kimya sana.

Jumamosi vijana wakaanza kushuka. Kelele zao zinapita nyuma ya nyumba yetu. Sindano yake ikasimama, shingo ikageukia dirisha, na mguu ule mzima nikauona unakandamiza sakafu. Akatia mkono ndani ya kopo kutafuta kifungo, akatoa kengele.

Aliifuta kwa upindo wa gauni lake. Akaipiga mara tatu.

Nilijikuta nimeshasimama, birika mkononi. Tukatazamana. Nje mwingine alikuwa anashuka, anapiga yowe, na Chiriku akainua kidole, nisubiri. Tulilisikiliza yowe lile lote mpaka chini kabisa, mpaka likaishia kwenye kicheko. Ndipo akashusha pumzi.

"Bibi," akasema taratibu. "Nimefika."

Nikabandika maji.