Siku Nilipoondoa Ungo

Alfajiri ile nilisikia mkia wa mbwa ukigonga mlango wa bati, taratibu, mara tatu, mara nne. Bosi hakubweka. Nikajua anayekuja ni mtu tunayemfahamu, nikapapasa khanga yangu gizani, nikatoka bila kumwamsha Fatu.

Alikuwa jirani yetu Mzee Mselemu, kisu chake amekifunga kwenye kitambaa.

"Mama Luciana, yuko wapi huyo jogoo?"

"Umewahi mno, mzee. Hata mwenyewe hajawika."

"Basi tumwahi kabla hajasema neno."

Alimchinja pale penye jiwe la kunolea, akanawa, akaenda zake kuswali. Kwa miaka saba Mzee Mselemu alinichinjia hivyo. Kuku, mbuzi, hata njiwa niliyetegewa na watoto wa jirani. Hakuwahi kuniomba paja wala shingo. Nikimpa alipokea, nisipompa aliniuliza tu kama mtoto anakula vizuri.

Mtoto mwenyewe alikuwa Fatu, mjukuu wangu. Sisi ni Wanyiramba, Wakristo tangu kwa baba yangu, lakini binti yangu Luciana aliolewa Utemini, mjini Singida, na Abdulmajidi, kijana wa familia ya wafanyabiashara. Alisilimu, akaitwa Hajira. Mimi niliendelea kumwita Luciana, naye aliitika kotekote. Alifariki siku nane baada ya kumzaa Fatu. Matanga yalipoisha, baba mkwe wake, Mzee Abdulhamidi, aliniita pembeni, akaniambia, "Mkwe, kaa na mtoto mpaka abadilishe meno. Ila umlee katika dini ya baba yake." Nikamwahidi. Nilimlea kwa maziwa ya mbuzi, nikaishika ahadi yangu. Hakula nyama asiyochinja Mselemu. Mbwa wangu wawili hawakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha jiko, na maji yao walinywea kwenye chungu kilichovunjika, nje kabisa, karibu na banda la punda. Siwezi kukaa bila mbwa. Huku kwetu fisi huja mpaka mlangoni, na punda ndiye miguu yangu: maji yeye, kuni yeye, mashineni yeye.

Mwaka ule meno mawili ya mbele ya Fatu yaling'oka. Haukupita mwezi, kondakta wa basi akaniletea salamu: wakwe watakuja Jumamosi, watakula kwangu, wamwone mtoto anavyoishi, kisha tuzungumze.

Nilikuwa na jambo moja tu la kuwaambia. Nilitaka Fatu abaki asome kwetu mpaka darasa la nne, ndipo aende mjini akiwa na akili ya kujisemea. Nilidhani wakila wakashiba, wakamwona mtoto ananawiri, nitasikilizwa. Matumaini yangu yote niliyaweka kwenye sufuria moja.

Ilikuwa Desemba na mvua ilikuwa imechelewa. Kila siku mawingu yalikusanyika upande wa bondeni, yakatawanyika. Kuku wangu walikuwa wameisha kwa ugonjwa wa mdondo. Yule jogoo nilipewa na Theodora, shoga yangu, ambaye naye alibakiwa na wawili tu. Nilipomshukuru alisema, "Peleka, ananiamsha bure." Mchele nilinunua kwenye duka jipya la mtu binafsi, maana lile la ushirika lilikuwa limefungwa miaka mingi, na mafuta ya alizeti yalitoka kwenye mashine ya mkono ya majirani zetu, kina Antipasi.

Wageni walifika saa tano. Gari lao waliliacha ng'ambo ya korongo, kwenye mchanga, wakatembea. Walikuwa watatu: Mzee Abdulhamidi na fimbo yake, Abdulmajidi, na Radhia, mke ambaye Abdulmajidi alimwoa baada ya Luciana. Nilikuwa sijawahi kumwona. Alipiga goti akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Bosi alisimama, akatikisa mkia.

"Huyu anaitwaje?" akauliza mzee, akijikinga na fimbo.

"Bosi. Marehemu mume wangu ndiye aliyempa jina. Mwaka ule kila aliyekuja huku na gari kununua alizeti alitaka kuitwa bosi."

Mzee akacheka. "Basi mwanangu naye ni mbwa wa namna hiyo." Abdulmajidi hakucheka. Alikuwa na shati la mikono mirefu na saa kubwa, na tangu aingie hakunitazama usoni. Sikumlaumu. Fatu amechukua macho yangu, na Luciana pia aliyachukua.

Mselemu alikuja kuwakaribisha, wakakaa wote kwenye mkeka chini ya upenu. Fatu aliwanawisha vizuri, birika mkono wa kulia kama nilivyomfundisha. Nikaenda jikoni. Kuku alikuwa ameiva. Nilimtua chini ili wali upate moto, na kwa kuwa mfuniko niliuhitaji kwenye wali, nikafunika kuku kwa ungo.

Hapo ndipo ngurumo ilipolia, na matone ya kwanza yakapiga bati.

Nje nilikuwa nimeanika uwele nilioutwanga na kuuosha jana yake. Lilikuwa debe la mwisho ghalani. Mtu aliyewahi kuwa na debe la mwisho mwezi Desemba hahitaji kuelezwa. Sikufikiri. Niliuchukua ungo juu ya sufuria, nikatoka mbio, nikaanza kuzoa. Radhia alikuja bila kuitwa, akakunja gauni lake zuri, tukazoa pamoja, tukaingiza ndani. Uwele haukulowa hata kikombe kimoja. Tulicheka sote wawili, maji yanatutiririka.

Niliporudi jikoni, Bosi alikuwa ndani. Mvua ilikuwa imemfukuza. Mdomo wake ulikuwa kwenye sufuria.

Hakula nyama. Alilamba mchuzi mara mbili, aliponiona akainamisha masikio, akatoka. Mlangoni alisimama Fatu na sahani mikononi.

"Bibi," akasema kwa sauti ya chini. "Amelamba pembeni tu."

"Umeona?"

"Pembeni tu, bibi. Hawajui. Usiseme."

Nilikaa kwenye kigoda. Mvua ilikuwa kubwa sasa, hata sauti za wanaume hazikusikika. Nilijua vizuri. Mselemu alishanifundisha zamani kwamba chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na chakula cha majimaji hakiliwi. Nilijua pia kwamba hakuna kuku mwingine, wala mtu wa kukimbia dukani katika mvua ile. Wakila, wataridhika, tutazungumza, mtoto atabaki. Nisiposema hakuna atakayeumwa tumbo.

Fatu alinisogezea upawa. "Pakua, bibi."

Nilianza kupakua. Niliweka vipande viwili kwenye sahani ya kwanza, na paja nikaliweka kando kwa ajili ya Mselemu, maana siku ile nilikusudia asikose. Mkono wangu ukagoma. Mtu aliyeamka kabla ya sala yake ili mimi nisikose heshima mbele ya wakwe, nimlishe hiki? Nikarudisha nyama sufuriani, nikatoka, nikapiga magoti mbele ya mkeka.

"Wakwe zangu, mnisamehe. Chakula kimeharibika. Mbwa ametia mdomo."

Radhia alitazama mikono yake, bado imegandwa na chembe za uwele.

"Nani ameona?" akauliza Mzee Abdulhamidi.

"Mimi."

"Na mwingine?"

"Mimi tu."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Mungu akulipe, mkwe. Ungeweza kunyamaza."

Ndipo Abdulmajidi alipozungumza. "Mara ngapi, mama?"

"Mara ngapi nini, mwanangu?"

"Mbwa kuingia jikoni. Mara ngapi?"

"Leo ni mara ya kwanza."

"Ya kwanza kuiona wewe."

"Abdulmajidi," Mselemu akasema, "mimi nimekula katika nyumba hii miaka yote. Ningekuwa na shaka nisingekula."

"Wewe ni mtu mzima, mzee. Umechagua. Mwanangu hakuchagua."

Nikasema nitamfunga Bosi. Nikasema nitamtoa, leo hii, nimpe Antipasi, na yule mwingine pia, na fisi nitajua mwenyewe. Nilisema mengi, nikiwa bado nimepiga magoti, mpaka Radhia akaja akanishika bega.

"Mama, inuka. Usijisumbue na mbwa. Shule inafungua Januari, tumeshampatia nafasi." Akafungua mkoba wake ili anifariji. "Ona, tumemshonea sare. Niliangalia mtoto wa jirani anayelingana naye."

Ilikuwa sketi ya buluu na blauzi nyeupe na ushungi mdogo, vimepigwa pasi, vimekunjwa. Vilishonwa kabla ya siku ile, kabla ya jogoo na kabla ya mvua. Basi pengine walikuja kumchukua tu, na chakula kilikuwa heshima. Au pengine mzee angenisikiliza akiwa ameshiba, na sare ingesubiri. Sijui. Mpaka leo sijui, na hakuna wa kumuuliza, kwa sababu mzee naye ametangulia.

Mzee aliomba karanga. Theodora alikuwa ameleta bakuli la karanga zenye maganda, nazo wakazibangua wakala. "Hii imekuja na sahani yake," mzee akasema, akinionyesha ganda ili anichangamshe. Nikatabasamu, maana alikuwa mgeni wangu na alikuwa na njaa.

Jambo langu la darasa la nne halikupata nafasi tena; nikamfungashia Fatu nguo zake. Mvua ilipokatika, korongo lilikuwa limejaa maji mpaka magotini, na gari lilikuwa ng'ambo. Wao hawakujua pa kuvukia. Mimi nilijua. Nikamtoa punda, nikamfunga gunia mgongoni, nikampandisha Fatu na mfuko wake. Nilimvusha mwenyewe. Nilishika kamba kwa mkono mmoja, na mguu wake kwa mkono mwingine, ili asiteleze. Mguu wake ulikuwa wa baridi. Nyuma yetu Abdulmajidi alimshika baba yake, na Mselemu alimpokea Radhia viatu vyake.

Katikati ya maji Fatu alisema, bila kunitazama, "Nilikwambia usiseme."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu. Nilitaka kumwambia kuhusu Mselemu, na kuhusu mama yake. Lakini maji yalikuwa yanavuta, punda alikuwa anasita, nikasema tu, "Shika manyoya, usianguke."

Ng'ambo, Abdulmajidi alimbeba akamweka katikati ya kiti cha mbele. Alinipa mkono. Kwa mara ya kwanza alinitazama, akatazama chini upesi. Gari lilizama kidogo kwenye mchanga, likatoka, likaondoka.

Jioni ile Bosi na mwenzake walikula jogoo mzima. Mbwa wangu hawajawahi kula vile. Niliosha sufuria mara saba, moja kwa udongo, peke yangu, hakuna aliyekuwa ananitazama, na hakuna tena wa kupikiwa humo. Mselemu aliendelea kuja kunisalimu asubuhi. Alisema mara moja tu, "Ulifanya vema, Mama Luciana." Nilimshukuru. Lakini wema ule haukuniwashia moto, wala haukunijazia kitanda.

Bosi sikumtoa. Nilimchukia mwezi mzima, kisha nikachoka kumchukia.

Nilivuna, nikakausha mlenda, nikasaga debe moja la uwele, na mwezi wa saba nikampanda punda mpaka barabarani Iguguno, nikamwacha kwa ndugu wa Theodora, nikapanda basi. Sikuwa nimefika Utemini tangu matanga. Nyumba ya Abdulmajidi ilikuwa imeongezwa vyumba, na mbele kulikuwa na duka lenye mitumba imetundikwa mpaka juu ya mlango.

Radhia alinipokea mzigo kabla sijabisha hodi. Alikuwa mjamzito, na bado alinibebea debe lile, hakukubali nilishike. Alinitandikia kitanda chake. Alinipikia pilau, akaniwekea finyango kubwa kuliko zote, akakaa kunipepea. Nasema haya kwa sababu ni kweli. Hakuna ubaya alionitendea yule mwanamke.

"Fatu," akaita. "Njoo umnawishe mgeni."

Fatu alitoka chumbani na birika. Alikuwa amerefuka. Meno mapya yalikuwa yameota, makubwa, kidogo yamepishana kama ya mama yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Akanimiminia maji, akanipa taulo. Nilimuuliza shule, akasema nzuri. Nilimuuliza kama anakumbuka mlenda, akasema huku wanakula mchicha. Nilimwambia punda amezaa. Hapo macho yake yaliinuka, nikadhani ataniuliza ni jike au dume. Mlangoni wakaita watoto wenzake, akamtazama Radhia, Radhia akamwambia nenda, akaenda. Niliwasikia wanaruka kamba nje, wanahesabu mpaka mia, na sauti yake sikuweza kuitofautisha na za wengine.

Nililala siku mbili. Usiku alilala na mimi kwa sababu aliambiwa alale na mimi. Aligeukia ukutani. Nilimfunika khanga, akasema asante.

Siku ya tatu walinisindikiza stendi. Radhia alinilipia nauli, akaninunulia mkate na sukari, akamwomba kondakta anikalishe dirishani. Nilikaa. Fatu alisimama chini, mkono wake ndani ya mkono wa Radhia, amevaa ile sketi ya buluu, ambayo tayari ilikuwa imeanza kumbana.

Radhia alimwinamia, akamwambia jambo sikioni. Mtoto akaitikia, akasogea karibu na dirisha, akaninyooshea mkono vizuri, kama anavyofundishwa mtoto mwenye adabu.

"Safari njema, bibi," akasema. "Uje tena ututembelee."