Kaburi Lisilo na Mifupa

Jacktone alirudi Eldoret kutoka Ufaransa, alikosomea kuchimbua mabaki ya kale, mwaka wa themanini na nne, akiwa na bahasha nzima ya picha za matope. Mama yake, Seline Adero, jirani yangu hapa Kapsoya, akaniita chakula cha mchana nizione.

"Ulivuka bahari yote hiyo kwenda kuchimba mashimo?" nikamwuliza kijana. "Si ungebaki nikupe kazi ya choo nyuma ya duka langu?"

"Ni hekalu, Mzee Kiarie. La Wagauli, watu wa Ufaransa kabla Yesu hajazaliwa."

"Na choo walikuwa nacho?"

Seline alicheka huku akipanga sahani: yake, ya Jacktone, yangu, na ile ya bluu ya Ondiek. Ya Ondiek huwekwa kila siku, na hakuna anayekula humo. Ondiek ni mume wake, mtu wa reli. Aliingia Uganda na treni miaka ile ya taabu. Treni ilirudi, yeye hakurudi.

Wazee wa kwao kando ya ziwa wanajua la kufanya mtu akipotea hivyo. Huzika tunda la yago, refu na zito kama mkono wa mtu, mahali pa mwili. Seline alikuwa amekataa katakata.

"Wamama wa kanisa watasema nimezika matunda," huniambia.

Lakini wazee nao walishasema Jacktone hatajenga nyumba kwao, maadamu roho ya baba yake bado inarandaranda.

Seline akachukua picha moja. Shimo ndani ya ua wa hekalu, na humo kipande cha mti kilichochongwa kama mtu.

"Hiki nini?"

"Kaburi, Mama. Halina mifupa. Tunafikiri mwenyewe alifia mbali, hakupatikana. Huo mti ulilazwa badala yake, matope yakautunza."

"Wakazika kuni!" nikasema. Nikacheka peke yangu.

Seline hakuinua macho. "Waliutupa tu, ama waliulaza?"

"Waliulaza. Tulipata nyuzi za nguo waliyoufunika nayo. Na bakuli la chakula karibu na kichwa."

"Bakuli." Akaitazama ile sahani ya bluu. "Wao walimpelekea kule. Mimi namwekea hapa, na hapa hayuko."



"Kiarie, hiyo pikapu yako iko na mafuta?"

"Ya kwenda wapi?"

"Ziwani. Ama yago itaota kwa baridi hii yenu?"

"Na wamama wa kanisa?"

"Waje waimbe."

Akafungua kabati, akatoa kitambaa chake cha kanisa, cheupe, akaifunga ile sahani ya bluu polepole kama anayefunika mtoto.

"Jacktone," akasema, "shimo utachimba wewe. Si ndiyo kazi uliyosomea?"