Dakika Nne za Njiwa wa Truda

Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Naanza na hilo kabisa, nisije nikajitetea huko mbele.

Jumapili ile ya mashindano, wafugaji njiwa wote kumi na watano wa chama chetu tulikusanyika ukumbini, kila mmoja na saa yake ya njiwa. Ni kidude kinachosoma pete ya mguuni mwa njiwa anapotua bandani na kuandika muda. Ijumaa, kabla ya njiwa kusafirishwa mbali wakaachiwe warudi nyumbani kwa mbio, kila kidude huchomekwa kwenye kompyuta ya chama kichukue saa yake, kisha kinapigwa lakiri kisifunguliwe. Jumapili vinarudishwa kulinganishwa. Kikitofautiana na kompyuta hata kwa dakika moja, mwenyewe amekichezea. Katibu nilikuwa mimi, Eryk, fundi umeme mstaafu wa mgodini, na kompyuta ile hakuna aliyeigusa ila mimi.

Saa ya Truda ilikuwa nyuma kwa dakika nne.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikaichomoa, nikaichomeka tena. Dakika nne vilevile. Na njiwa wake mweupe, aliyeachwa na marehemu mumewe Alojz, alikuwa ameandikwa wa kwanza, saa sita na dakika tatu. Wa pili, njiwa wa mwenyekiti wetu Kocur, alitua saa sita na dakika tisa.

"Shemeji," nikamwambia, "umefanya nini?" Alojz alikuwa rafiki yangu wa kazini chini ya ardhi, mgodini, miaka thelathini, tulimzika Februari.

"Sijafanya kitu, shemeji. Nimeileta kama ulivyonipa."

"Saa haijirudishi nyuma yenyewe, mwanamke!" Nilipaza sauti mpaka mate yakanitoka. "Alojz angekuona leo angekufa mara ya pili!"

Watu wakaguna. Hakuna aliyenizuia.

"Chama hiki kina miaka tisini, hatujawahi kufuga mwizi," Kocur akasema. "Njiwa wa wizi harushwi tena, Truda. Unajua mahali pake."

"Kwenye sufuria!" mmoja akadakia kutoka nyuma, wengine wakacheka.

Truda alichukua mkoba wake akatoka. Hakulia wala hakugeuka.

Tulibaki tukipanga matokeo ya wengine kwa muda wa saa mbili, kisha Kocur akataka ushahidi wa kupeleka kwa chama cha wilaya. Nikamwambia asiwe na shaka, kompyuta ina daftari lake la ndani linaloandika kila kinachotendeka humo, nani katenda na saa ngapi. Nikalifungua, nikavaa miwani, nikaanza kusoma kwa sauti kama padri.

"Ijumaa, saa kumi na dakika hamsini na moja, saa ya Truda imepewa muda. Saa kumi na moja na dakika mbili, saa ya kompyuta imesogezwa mbele dakika nne. Aliyesogeza..."

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

"Nani?" Kocur akauliza. "Soma, bwana!"

Lilikuwa jina langu. Nilikumbuka kengele ya kanisa ikilia saa kumi na moja, nami nikiona kompyuta iko nyuma. Nikaisogeza kwa mkono, mruko mmoja, bila hata kufikiri, kisha nikaendelea kuchomeka saa zote kumi na nne zilizobaki. Truda alikuwa ametangulia peke yake, akaondoka na saa mbovu niliyompa mimi.

Kompyuta ikiwa na mtandao hujirekebisha yenyewe, kidogo kidogo, hata usijue. Alojz alikuwa akinisihi kila msimu, "Eryk, usichomoe huo waya." Nami nilikuwa nimeuchomoa tangu Pasaka ili televisheni ya ukumbini ipate mpira.

"Mimi," nikasema. "Imeandikwa Eryk."

Kocur alihesabu kwa vidole. "Ukiongeza dakika nne, anatua saa sita na saba," akasema. "Mungu wangu. Bado ni wa kwanza."

Nilikimbia na goti langu hili bovu mpaka kwa Truda, nyumba ya tatu baada ya kanisa. Mlango ulikuwa wazi. Jikoni, tambi za supu zilikuwa zimekatwa mezani, sufuria inachemka. Ndani ya beseni kulikuwa na manyoya meupe.

"Shemeji," nikasema. "Ni mimi. Saa niliisogeza mimi. Njiwa wako ameshinda."

Niliomba anitukane, anipige na mwiko, chochote. Badala yake alichukua bakuli, akapakua supu, akaiweka mbele yangu na kijiko kando.

"Kaa ule, katibu," akasema.

Miaka yote hiyo alikuwa akiniita shemeji. Nilikaa, nikashika kijiko.