Neno Safi la Mwalimu Kalekye

Mwalimu Kalekye alifundisha Kiswahili katika mji wa Wote miaka thelathini na miwili, na hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno chafu. Ndiyo maana Kiema, mwanafunzi wake wa zamani, alimpelekea mswada wake.

Kiema alikuwa ametengeneza katuni ya watu wazima, ya kukejeli zile tamthilia za mapenzi za kigeni. Humo mna mbuzi tajiri, mwenye nywele za kupaka mafuta, ambaye kila akipiga goti kumvisha mchumba pete, anajamba. Stesheni ya runinga ilikubali kuionyesha, mradi lugha isafishwe.

"Mwalimu, wamekataa 'kujamba'," Kiema alisema. "Wanataka kitu ya heshima."

Kalekye alisoma huku amekunja uso. Neno lenyewe lilitokea mara thelathini na moja. Kila mahali alilikata kwa kalamu nyekundu, juu yake akaandika "kupata nafuu."

Katuni ilipoanza kuonyeshwa, haukupita mwezi msemo huo ukaenea mji mzima. Sokoni punda akijiachia, wauza mboga walimpongeza kwa kupata nafuu. Kwenye zahanati, mama mmoja aliulizwa na nesi kama amepata nafuu, akacheka mpaka akashika mshono.

Jumapili Pasta Mbaluka alisimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya Mzee Kasyoki, aliyekuwa ametoka hospitali.

"Mzee wetu amepata nafuu kubwa," alisema kwa sauti nzito, "hata majirani ni mashahidi!"

Kwaya nzima iliinama chini ya viti. Mzee Kasyoki alimuuliza mkewe kilichochekesha ni nini. Mkewe alikuwa ameficha uso kwenye kitabu cha nyimbo.

Kalekye alitamani ardhi immeze. Ibada ilipokwisha alikwenda moja kwa moja kwa Kiema.

"Rudisha lile neno la kwanza."

"Stesheni haiwezi kubali, Mwalimu. Lile ni chafu. Hili lako ni safi."

Jumatatu akaungama kwa pasta, akamweleza katuni imelifanyia nini neno lake. Mbaluka alijikuna kidevu.

"Basi nitawaombea wagonjwa na neno gani?"

"Ahueni," Kalekye alisema. "Maana ni ile ile, na katuni haijaligusa."

Jumapili iliyofuata pasta aliinua mikono. "Bwana, mpe dada yetu Nzilani ahueni!"

Waumini wakatazamana. Wengi hawakuwa wamewahi kulisikia neno hilo. Nyuma ya Kalekye, Wavinya, muuza nguo, alimnong'oneza jirani yake: "Hiyo ni ya katuni ya jana? Mimi stima ilipotea, sikuona."

Kalekye aliuma leso. Akajaribu kukohoa. Kicheko kikamponyoka hata hivyo, kikubwa, cha miaka thelathini na miwili, na waumini walipoona Mwalimu wa Kiswahili mwenyewe anafuta machozi, wakajua kumbe neno ni chafu kweli, wakaangua kicheko wote.