Bwana Jafari Aishiwa Miji

Mwanangu Sefania alipoacha kuendesha lori, watu wa huku kwetu juu ya Lukozi walisema amefukuzwa. Wengine walisema amerogwa. Hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kuliacha lori kubwa lenye kitanda ndani, akarudi kupalilia kabichi za mama yake kwa hiari. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Siku moja alipanda mlima na begi lake, akasema, "Mama, nimerudisha funguo," akaomba jembe.

Sababu niliijua. Alikuwa anakwenda Kongo kuchukua shaba, na kila tukimuuliza, "Utarudi lini?" anajibu, "Bosi akisema." Baba yake alipofariki, yeye alikuwa Zambia na mzigo. Tukamngoja, tukamngoja, mwisho mchungaji akasema maiti haina subira, tukazika. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshaota majani. Na binti yake Janeth, mdogo bado wakati huo, alimletea chai katika kikombe cha wageni. Mtoto hakuwa na ubaya. Aliona mgeni, akamkirimu. Sefania aliinywa chai yote, akatoka nje, akaenda kukaa nyuma ya zizi la mbuzi. Haukupita muda akarudisha funguo.

Mtasema, basi vizuri, nyumba imepata baba. Kweli, mkewe Glory alianza tena kuimba jikoni. Ila mimi nimemzaa, namjua. Lori likinguruma kule barabarani, jembe lake linasimama. "Huyo anabadili gia vibaya," atasema peke yake. Alikuwa ameacha kazi anayoipenda kama mtu anavyoacha sukari kwa amri ya daktari. Nikajiambia, huyu lazima apate vyote viwili, lori lake na nyumba yake. Namna ya kuvipata ndiyo sikuijua.

Ikawa asubuhi moja ya ukungu, bodaboda ikamshusha mlangoni mtu mnene mwenye kofia ya kufumwa, viatu vyake tope jekundu mpaka kwenye soksi. Gari lake la fahari lilikuwa limegoma kupanda, ameliacha Lukozi. Huyo ndiye Bwana Jafari wa Tanga, mwenye yale malori.

"Onga mshi, mama," akanisalimu kwa Kishambaa cha kuokota njiani.

"Hiyo ya mchana, baba. Asubuhi tunasema onga makeo. Lakini karibu, ukikaa sana itakuwa sahihi."

Akacheka, akaongeza na shikamoo kwa usalama.

Glory akamwekea viazi vya kuchemsha na chai. Sefania akaitwa shambani, akaja akakaa kizingitini, magoti yana udongo.

Bwana Jafari hakuzunguka. Malori yake yalikuwa yamejaa uani, madereva wanamwacha mmoja mmoja. "Nimewaongezea posho, wanaondoka. Nimewanunulia magari mapya, wanaondoka. Mama, sijui wanataka nini. Huyu Sefania ndiye dereva wangu bora. Nimekuja kumwomba."

"Kumbe umekuja kuposa," nikasema.

"Ikiwa ni hivyo, naposa."

"Katika nyumba hii, anayekuja kuposa hutegewa kitendawili. Mkwe wangu mmoja alihangaika na chake mpaka akaomba maji. Haya, kitendawili."

"Tega," akasema, akavua kofia kabisa.

"Nyumba yangu ina mlango wa kutokea, wa kuingilia haina."

Akafikiri huku anamenya kiazi. "Yai."

"Jibu zuri. Ila kifaranga akitoka, yai limeshavunjika. Nyumba yangu haijavunjika bado. Jaribu tena."

"Kaburi."

"Hilo kinyume chake, baba," Glory akamwambia kutoka jikoni. "Huko kuna kuingia tu."

Akajaribu bunduki, akajaribu mdomo wa mtu mbea. Mwisho akainua mikono. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

Desturi mnaijua. Aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji akiupenda huenda huko akastarehe, ndipo alete jibu. Asipoupenda, haendi.

"Nakupa Tunduma," akasema, maana ndiko ulimi wake ulikozoea.

"Tunduma siutaki. Sefania amekaa foleni pale hadi mbwa wa mama ntilie wakamjua kwa harufu."

"Basi Kapiri Mposhi."

"Ndipo simu ya msiba wa baba yake ilipomkuta. Siutaki."

Tabasamu la Bwana Jafari likapungua. "Kasumbalesa."

"Hapo aliugua malaria ndani ya lori, akapikiwa uji na Mkongo asiyemjua hata jina. Mtu yule namwombea mpaka leo. Mji wake siutaki."

"Dar es Salaam, mama. Dar kila mtu anaipenda."

"Dar ndio mbaya kuliko yote. Hapo alishusha mzigo, kwao ni mwendo wa siku moja, ukampakia mwingine jioni ileile."

Nilimwona anaipitia barabara yake yote kichwani, toka bandarini mpaka migodini, na kila anapotaka kusimama panamkatalia.

"Mama," akasema polepole, "miji imeniishia."

"Nipe Lukozi."

"Lukozi si yangu. Ni yenu."

"Ndiyo hiyohiyo. Nipe na siku yake. Jibu la kitendawili ni kazi yako, baba. Siku ya kutoka tunaijua. Ya kurudi haipo."

Akasukuma kikombe pembeni. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyezoea kuhesabu magurudumu. "Foleni ya mpakani siiamrishi mimi," akasema. "Na gari likilala uani, linanila."

Hapo Sefania akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Nani kasema gari lilale, bosi? Nikishusha Dar, mwenzangu apande, mimi nije huku. Akirudi, yeye aende kwao, mimi nipande. Na foleni ikizidi, anifuate Tunduma kwa basi, tubadilishane palepale. Gari litembee. Anayepumzika ni dereva."

"Madereva hawapendi kuazimana gari. Wewe mwenyewe hukutaka mtu aguse usukani wako. Ulisema lori ni kama mke."

"Alisema nini?" Glory akauliza, mwiko mkononi.

Sefania akayatazama magoti yake. "Nilikuwa kijana."

"Lori mwazime mwenzio," Glory akasema. "La mke tutaongea wageni wakiondoka."

Bwana Jafari akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akafuta macho, akasema, "Haya. Safari moja tujaribu. Taja siku."

Sefania hakuitaja. Alimtazama mkewe. Glory akafuta mikono kwenye kanga, akafikiri. "Jumapili ya mavuno," akasema. "Tangu tufunge ndoa sijawahi kusimama naye kwenye mnada wa mazao kanisani."

"Jumapili ya mavuno," Bwana Jafari akarudia, na mkono akampa Glory kwanza.

Sefania akaondoka kwenda safari, anapiga mluzi. Majirani nao wakapata la kusema. Nikodemo, mzee wa kanisa anayeendesha mnada, alinisimamisha njiani: "Mama Sefania, dereva akikuambia Jumapili, muulize ya mwaka gani."

"Wewe tunza sauti," nikamjibu. "Jogoo wangu anakuja mnadani."

Jumapili ikafika. Madhabahu haikuonekana kwa kabichi, maboga na mapeasi. Janeth aliweka sweta lake kwenye benchi, pembeni ya mama yake, kushika nafasi. Tukaimba, tukasali, mchungaji akahubiri, na sweta likakaa pale peke yake. Glory hakugeuka nyuma hata mara moja. Mimi niligeuka sana.

Tukatoka nje kwenye mnada. Nikodemo akauza ndizi, akauza maharage, akamwinua jogoo wangu juu. Mwalimu mmoja akapandisha bei, mwenye duka akampita, wengine wakaacha.

"Mara ya kwanza," Nikodemo akasema. "Mara ya pili."

"Naongeza," sauti ikasema nyuma ya watu.

Ilikuwa imekauka kwa vumbi, lakini ilikuwa yake. Alikuwa na begi begani na alama ya usingizi wa basi shavuni. Foleni ilikuwa imewashika Tunduma, Alen mwenzake akamfuata kule, wakabadilishana palepale kama walivyopatana.

Glory akashika mdomo. Janeth akapenya katikati ya watu, akamshika baba yake mkono, akamvuta mpaka mbele kabisa.

"Naongeza tena," Sefania akasema.

"Hakuna anayeshindana nawe," Nikodemo akamwambia. "Unajipandishia bei mwenyewe, ndugu yangu."

"Naona," akasema mwanangu. "Naongeza."

Vigelegele vikapigwa, na mimi nikiwemo. Nikodemo akangoja tunyamaze, hatukunyamaza, akampa jogoo wake.