Dirisha la Mama Tiketi

Kituo kile kidogo cha treni kilijengwa kwa ajili ya wachimba mawe. Mawe yalipoisha wakahama, wakaja watu wa kupanda treni asubuhi kwenda kazini mjini na kurudi jioni. Zamani kilikuwa na mkuu wa kituo, mpagazi, mfagiaji, na mzee wa kubadilisha njia za reli, baba yake Mama Tiketi. Wakapunguzwa mmoja mmoja hadi akabaki Mama Tiketi peke yake dirishani, akikata tiketi huku akiulizia hali za wagonjwa.

Siku moja mume wa mdogo wake, aliyekuwa msimamizi wa njia ile, akaleta mashine ya tiketi.

"Shemeji, watu wanaiogopa," alimwambia. "Wewe wanakuamini. Wafundishe, nawe upumzike kidogo."

Akawafundisha kwa moyo mkunjufu. Alitoka nje kwenye jua, akawashika wazee vidole kuwaonyesha pa kubonyeza. "Polepole, haing'ati," aliwatania. Miezi ikapita, foleni ya dirishani ikakauka, naye akaona fahari.

Kisha akaja seremala na mbao za kuziba dirisha. Mama Tiketi akadhani amepotea njia. Seremala akampigia msimamizi, kisha akampa Mama Tiketi simu.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kabla ya mashine, shemeji. Ningekataa, wangeniondoa mimi."

"Kwa hiyo ukanituma nijikatie riziki mwenyewe, na mimi nikakushukuru."

"Nilitaka kukwambia. Sikujua nianzie wapi."

"Juzi ulikula kwangu ukaongeza chakula. Ungeanzia hapo."

Akarudisha simu. Akachukua sweta yake na kikombe, akamwachia seremala nafasi.

Jioni mdogo wake akaja mbio, macho mekundu. "Dada, msamehe. Ana watoto."

"Wewe ulijua?"

Mdogo mtu akainama, akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga. Jibu likawa ndilo hilo.

Ya shemeji angeyameza, maana huyo alikuja kwa ndoa. Lakini huyu mdogo wake, yeye mwenyewe alimbeba mgongoni utotoni. Hakupiga kelele. Alimwandalia chai, akamtazama akinywa, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Baadaye alipata kazi kwenye duka la mikate, mwendo wa miguu kutoka nyumbani. Mdogo wake akipiga simu, anapokea, wanasalimiana vizuri, wanaulizana habari za watoto. Ya moyoni hamwambii tena.